Wembe Unaolala Kombo Ndani ya Mpini

Wembe wa kukunja ukilala kombo ndani ya mpini, macho huenda moja kwa moja kwenye ncha. Huko ndiko ubaya unakoonekana: ncha imeegemea kibao kimoja, upande wa pili umebaki uwazi, na ukiufunga unasikia makali yakikwaruza. Basi mtu huusukuma ubapa kwa dole gumba kuelekea katikati, akitumaini utatii. Unatii kwa sekunde chache, kisha unarudi pale pale. Nimefanya kazi ya kufufua nyembe kuukuu kwa miaka mingi sasa, na karibu kila wembe wa kombo uliopita mikononi mwangu ulikuwa na chanzo kilicho mbali na ncha: kwenye pini, kwenye vibao vya mpini, au kwenye kabari, kile kipande kidogo kilichobanwa mwisho wa mpini ambacho watumiaji wengi hawajawahi hata kukitazama.

Hesabu yake inaeleza mengi. Kutoka kwenye pini hadi ncha ya ubapa, wembe wa kawaida una urefu wa sentimita 11 au 12 hivi. Pini ikiinama nusu digrii tu, ncha inahama kama milimita moja. Na ili pini iiname kiasi hicho, inatosha tundu la kibao kimoja lipishane na la mwenzake kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Hapo kwenye pini hutaona kitu. Kule mbele, ambako nafasi kati ya makali na kibao mara nyingi ni milimita mbili au pungufu, nusu ya nafasi hiyo imeshaliwa. Ndiyo maana nikiletewa wembe wa namna hii naanza kuukagua kutoka nyuma, penye mkia, nikielekea mbele.

Nitaje sehemu zake, maana kila fundi ana majina yake. Ubapa una makali upande mmoja na mgongo mnene upande wa pili. Unapokwisha kwa nyuma kuna shina, sehemu nene isiyo na makali ambamo pini hupita, halafu mkia uliopinda ambao kidole kidogo huegemea wakati wa kunyoa. Mpini ni vibao viwili, vya pembe, mti, plastiki au seluloidi (plastiki ya zamani), vilivyoshikwa na pini mbili, wakati mwingine tatu: moja inapita kwenye shina, nyingine inapita kwenye kabari. Pini ni waya wa shaba ya njano, au wa aloi nyeupe yenye nikeli, na mara nyingi unene wake ni kama milimita 1.6. Vichwa vyake vimefuliwa kwa nyundo juu ya washa ndogo, yaani vipete bapa vyenye tundu. Kwa kawaida hakuna skrubu wala nati, kwa hiyo bisibisi haina kazi hapa.

Ukaguzi naufanya kabla ya kugusa chombo chochote. Naufunga wembe polepole, nauelekeza upande wa makali kwenye mwanga wa dirisha au taa, na natazama mstari wa makali unavyopita kati ya vibao. Swali la kwanza: ubapa umelala mshazari, yaani umeanza katikati penye pini kisha unaacha njia kadiri unavyokwenda mbele, au umesogea wote kwa pamoja, ukiwa sambamba na vibao lakini karibu na kimoja kuliko kingine? Hizi ni hali mbili tofauti na tiba zake hazifanani. Ubapa wa mshazari una pini iliyoinama, au vibao vilivyopinda, au wenyewe umepinda. Ubapa uliosogea sambamba kwa kawaida umekosa usawa penye shina tu, na washa nyembamba sana ya shaba ikiingizwa ndani, kati ya shina na kibao kilichoegemewa, inaurudisha.

Swali la pili nalijibu kwa vidole. Mkono mmoja unashika vibao karibu na pini, mwingine unashika mkia, halafu naujaribu ubapa kwenda kushoto na kulia bila kuuzungusha. Ukicheza, hata kidogo sana, naacha maswali mengine yote hadi pini ikazwe, kwa sababu wembe uliolegea hauwezi kupimwa. Leo utauona umeegemea kushoto, kesho kulia.

Swali la tatu ni la uzi. Nachukua uzi mwembamba, nauvuta uwe mnyoofu juu ya uwazi wa mpini kutoka katikati ya shina hadi katikati ya kabari, kisha natazama vibao viwili vinavyoufuata. Vibao vikiwa vimeachana na uzi kwa usawa pande zote mbili, mpini hauna kosa, na mkosaji ni pini au ubapa. Vibao vyote viwili vikiwa vimekwenda upande mmoja wa uzi, mpini umepinda na ubapa unaonekana kombo wakati wenyewe uko sawa. Uzi huu umeniokolea nyembe nyingi, kwa kuwa jicho peke yake hudanganyika: linauona ubapa unaong'aa na kuulaumu, wakati pembe nyeusi iliyopinda inapita bila kushukiwa.

Baada ya hapo nafunika makali yote kwa utepe wa fundi umeme, kutoka kisigino, yaani mwisho wa makali upande wa shina, hadi ncha, na nyundo haitoki sandukuni kabla ya utepe kukaa. Wembe wenye makali kamili ukiteleza kwenye fuawe unafika mfupani kabla hujasikia maumivu.

Pini iliyolegea ndiyo chanzo ninachokutana nacho zaidi kwenye nyembe zinazotumika kila siku. Kila ukifungua na kufunga, shina linasugua vibao na kichwa cha pini kinalainika kwenye washa. Kuikaza kunahitaji nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, isiyozidi gramu 100 hivi, na kipande kizito cha chuma chenye uso laini. Naulaza wembe ukiwa wazi, kichwa cha pini cha chini kikiwa kimekaa sawasawa juu ya chuma, na kile cha juu ndicho napiga. Mapigo ni mepesi mno. Nyundo inaanguka kwa uzito wake yenyewe na mkono unaiongoza tu isipotee. Napiga kwenye ukingo wa kichwa nikizunguka, sipigi katikati, kwa sababu pigo la ukingoni linatandaza shaba juu ya washa, na pigo la katikati linaisukuma pini chini hadi inavimba ndani ya tundu. Pini ikivimba ndani ya pembe kavu, pembe inapasuka kutoka tundu kufuata nyuzi zake, na ufa wa namna hiyo haurudi. Mapigo machache upande huu, naugeuza, mapigo machache upande ule, kisha najaribu. Ukisikiliza vizuri, mlio hubadilika: mwanzoni ni mzito na wa chini, kichwa kikishakaa unakuwa mkali na mfupi. Hapo naacha.

Kipimo changu cha kukaza ni hiki. Nashika mpini ukiwa mlalo, nafungua ubapa hadi usimame pembemraba, halafu nautikisa mkono kidogo. Ubapa unatakiwa kubaki pale ulipo, lakini ncha ya kidole ikiusukuma uende bila kubishana. Ukianguka wenyewe, bado. Ukihitaji nguvu, umekazwa kupita kiasi, na mara nyingi vibao navyo vimeanza kutanuka katikati kwa sababu vimebanwa mno penye shina.

Sasa, kama ubapa umelegea na pia unaegemea upande mmoja, kuna jambo moja la kufanya kabla ya nyundo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Ufunge wembe, ukiwa na utepe wake. Ingiza kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa upande ule ulioegemewa, karibu na ncha, hadi ubapa usimame katikati kabisa au upite katikati kwa unywele. Funga vibao kwa mpira laini ili karatasi isitoke. Ndipo ukaze pini, wembe ukiwa umefungwa hivyo hivyo. Pini iliyolegea ina nafasi ndogo ya kuinama huku na huku ndani ya matundu. Karatasi inailazimisha ikae kwenye mwinamo unaoutaka, na vichwa vinapofuliwa vinaifunga hapo hapo. Wembe ambao ungekazwa ukiwa kombo ungebaki kombo, tena kwa uimara zaidi.

Mara nyingine matundu yenyewe hayakutobolewa sawa tangu mwanzo, na hakuna karatasi itakayotosha. Hapo pini inatolewa. Nasaga kichwa kimoja kwa tupa ndogo hadi kilingane na washa, naweka alama katikati kwa tindo yenye ncha, natoboa kidogo kwa keekee ya mkono kuondoa kilichobaki, kisha naisukuma pini nje kutokea upande huo. Kabla ya kutia pini mpya naufunga wembe kwa skrubu na nati ndogo za muda. Kuna skrubu za mfumo wa Marekani zinazoitwa 0-80, unene wake ni milimita 1.5 hivi, zinapita kwenye tundu la pini bila shida. Zinakuruhusu kufunga, kutazama, kufungua, kurekebisha na kufunga tena, kitu ambacho pini iliyofuliwa haikuruhusu. Ningekuwa na uwezo ningempa kila anayeanza kazi hii skrubu hizi kabla ya nyundo.

Marekebisho ya tundu yana upande wake. Ushike wembe uliofungwa, pini ikiwa karibu nawe na kabari mbele. Kama ncha inaegemea kibao cha kushoto, tundu la kibao cha kushoto ndilo linalosogezwa mbele, kuelekea kabari, kwa tupa ya mviringo nyembamba kama sindano. Pini ikisogea mbele upande wa kushoto, ncha inazunguka kwenda kulia. Kama inaegemea kulia, fanya kinyume. Misuguo michache tu ya tupa, kisha skrubu, kisha tazama. Kumbuka ile sehemu ya kumi ya milimita: hapa tupa inafanya kazi kubwa kwa haraka kuliko unavyodhani. Tundu likikaa sawa, natia pini mpya, naikata ibaki juu ya washa kwa karibu nusu ya unene wake, kila upande, na kuifua. Ukiacha ndefu zaidi, kichwa kinalala upande badala ya kutandaa.

Mzee mmoja, kinyozi, aliwahi kuniletea wembe wa mpini wa pembe nyeusi uliokuwa umemgomea. Makali yalikuwa yakigusa kibao cha kulia karibu na katikati ya ubapa, na ndani ya pembe kulikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na makali yenyewe. "Kila fundi ananiambia nibadilishe mpini, mwanangu," akasema. "Mimi sitaki. Mkono wangu umeuzoea huu." Nikamwomba aniachie nikague kwanza. Pini ilikuwa imara, haikucheza hata kidogo. Ule mfereji wa katikati ulinifanya nishuku vibao, kwa kuwa pini iliyoinama hupeleka mguso mbele, karibu na ncha. Nikavuta uzi. Ubapa ulifuata uzi vizuri kabisa; vibao vyote viwili ndivyo vilivyokuwa vimejikunja kwenda kushoto katikati, vikaurudia uzi penye kabari, na cha kulia kikaja kukutana na makali. "Mzee, mpini ni huu huu," nikamwambia. "Utanyooka."

Pembe inanyooka kwa sababu ni kitu kile kile kilicho kwenye kucha na kwato, na joto lenye unyevu huilainisha. Mafundi wa Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu na nyembe, waliishi kwa jambo hilo: waliibana pembe iliyopashwa moto ndani ya kalibu na kuitoa ikiwa na umbo, hata na nakshi, na vibao vya nyembe nyingi za karne ya 19 vilipatikana hivyo. Kilichopindwa na joto kinanyooshwa na joto. Kile kile kinachoiwezesha pembe kunyooka ndicho kinachoipinda pia: inakunywa unyevu, inakauka upande mmoja kabla ya mwingine, inasahauliwa dirishani penye jua, na polepole inajikunja.

Nilipaka ubapa mafuta kuuzuia kutu, kisha nikalaza wembe mzima ndani ya maji ya moto ambayo hayajachemka, ya kama nyuzijoto 80. Watu huogopa hapa, wakidhani chuma kitapoteza ugumu wake. Hakitapoteza. Chuma cha wembe baada ya kugumishwa hupashwa tena kwa joto la zaidi ya nyuzijoto 150 ili kisivunjike ovyo, na maji hata yakichemka hayafiki huko. Moto wa mshumaa au wa kiberiti ndio unaoua wembe, kwa sababu unafika huko na kupita. Niliiacha pembe majini hadi nilipoibonyeza kwa kidole kwenye kitambaa nikahisi inakubali. Nikaitoa, nikaingiza kati ya vibao kipande cha mti chenye unene wa uwazi uliotakiwa ili visikutane, nikakibana chote kwenye jiliwa kati ya mbao mbili. Chini ya ubao mmoja niliweka kipande chembamba katikati, ili pembe ipite unyoofu kidogo kwenda upande wa pili, kwa maana ikishapoa hurudi nyuma kiasi. Nikauacha hadi kesho yake, ukapoa na kukauka ukiwa umebanwa.

Nilipofungua jiliwa uzi ulipita katikati. Ubapa ulikuwa umesimama peke yake kati ya vibao, na kuelekea ncha ulibaki na mwegemeo mdogo sana kwenda kulia, usiogusa kitu. Huo niliuacha. Nilikausha sehemu ya pini kwa hewa na kitambaa, nikadondosha mafuta mepesi pale shina linapokutana na vibao, maana maji yaliyojificha humo ndiyo yanayoanzisha kutu usiyoiona. Pembe nikaipaka mafuta ya kwato za ng'ombe, ndani na nje, ikanywa, nikapaka tena. Kinyozi alipoufungua na kuufunga karibu na sikio lake alisema, "Umenyamaza." Alikuwa amezoea kusikia mkwaruzo.

Si kila mpini unavumilia maji ya moto namna hiyo. Mti unataka mvuke kidogo na subira nyingi, na wakati mwingine haukubali. Plastiki za kisasa nyingi hulainika vizuri kwenye maji ya moto. Bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, haitalainika kamwe. Ikishagumu kiwandani imegumu, na ukiilazimisha inavunjika. Pembe za ndovu na gamba la kasa sizigusi kwa joto. Seluloidi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Mvumbuzi John Wesley Hyatt alipata hataza yake Marekani mwaka 1870, na mipini mingi mizuri ya baada ya hapo, yenye rangi za kaharabu na lulu, imetengenezwa kwayo. Inalainika kwa maji ya moto, lakini inashika moto kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo usiikaribishe kamwe na mwali wala na bomba la hewa ya moto. Tena seluloidi ikizeeka huanza kuoza na kutoa mvuke wa asidi unaokula chuma. Ukikuta wembe wenye kutu iliyofuata kabisa umbo la mpini, na vibao vina harufu kali kama ya kafuri iliyochacha au vimeanza kupasuka nyufa ndogo ndogo, usihangaike na kunyoosha. Toa ubapa humo siku hiyo hiyo na uuweke mbali na vibao.

Kabari ndiyo sehemu ninayoipenda, labda kwa sababu haisifiwi. Kwenye nyembe za zamani ni ya risasi, pembe au mti. Kazi yake ni kuvipa vibao umbali wao wa mwisho, na kwa kuwa ni nyembamba kuliko shina, vibao vinakaribiana kidogo vikielekea huko na kupata mkazo kama wa chemchemi. Uso mmoja wa kabari ukiwa umesagwa mshazari kuliko mwingine, vibao vyote viwili vinatazama upande mmoja, hata kama pini imenyooka na pembe haina kosa. Dalili yake ni kwamba uzi unapita vizuri penye pini na katikati, kisha vibao vinaacha njia penye kabari tu. Dalili nyingine ni mpini uliojisokota: ukiutazama kutoka mwisho, kibao kimoja kimeinuka na kingine kimeshuka, na ubapa ukiwa wima unaonekana umelala. Hapo kabari ni nene upande wa mgongo kuliko upande wa makali, au kinyume chake.

Tiba ni kutoa pini ya kabari peke yake na kuisawazisha kabari kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Nasugua upande mmoja mara chache, narudishia kwa skrubu ya muda, natazama. Kabari ya risasi siisugui ikiwa kavu. Naweka maji, navaa glavu, na tope lake nalifuta kwa karatasi na kulitupa, kwa kuwa vumbi la risasi ni sumu. Mara nyingi naona ni heri kuchonga kabari mpya ya pembe, na ile ya risasi kumrudishia mwenye wembe ndani ya kifuko kilichofungwa, maana ni sehemu ya historia ya kitu chake.

Imebaki hali ambayo hakuna pini wala maji ya moto yatakayoitibu: ubapa uliopinda wenyewe. Nyembe nyingi za zamani zilipinda wakati chuma kilipotumbukizwa kwenye mafuta au maji kugumishwa, na mafundi wa wakati huo walizinoa na kuziuza hivyo hivyo. Kuutambua, nalaza ubapa taratibu sana juu ya kioo bapa, mgongo na makali vikigusa, na kubonyeza kona zake moja baada ya nyingine. Ukiyumba upande huu na kutulia upande ule, umepinda. Kuna wanaothubutu kuunyoosha kwa nyundo. Mimi sithubutu na simshauri mtu. Chuma hicho kina ugumu wa kiasi cha 60 kwenye kipimo cha Rockwell C, na chuma kigumu namna hiyo hukatika kabla ya kukunjika, hasa kwenye ubapa uliochimbwa pande zote mbili ukawa mwembamba. Wembe uliopinda unanyoa vizuri kabisa mradi mkono ujue kuuzungusha kidogo kwenye kinoo ili kila sehemu ya makali iguse. Kuhusu kulala kwake, naigawanya tofauti: naiinamisha pini kiasi, ncha iende kidogo upande mmoja na katikati kidogo upande wa pili, hadi makali yapite bila kugusa popote. Ukiutazama utauona bado si mnyoofu. Haukwaruzi, na hilo ndilo lililotakiwa.

Kwa hiyo si kila kombo lina haja ya fundi. Kama makali hayagusi kibao, hayagusi kabari, na pini haichezi, mwegemeo wa ubapa ni sura tu, na kila unapong'oa pini ya zamani unahatarisha pembe ya zamani. Wapo wanaoniletea wembe wa kubadilisha wembe mdogo ndani, ule wa vinyozi wengi siku hizi, wakilalamika kwamba unalala upande. Huo nakaza pini na kuurudisha. Makali yake yanatupwa baada ya matumizi, hayawezi kuumizwa na mpini kwa muda mrefu. Lakini wembe wenye makali ya kudumu ukiwa unakwaruza, kila ukifunga unapoteza kazi yote iliyofanywa na kinoo na ngozi, ule ukanda wa kulainishia makali. Ukiyaelekeza makali kwenye taa na kuyatazama kutoka juu, makali mazima hayaonekani kabisa. Sehemu iliyogusa inaonekana kama nukta au mstari mweupe, kwa sababu imekunjika au imemeguka na sasa inarudisha mwanga.

Kunoa kunakuja mwisho, baada ya ubapa kukaa katikati na nyundo kurudi sandukuni. Alama nyeupe ikiwa ndogo, kinoo laini kinatosha. Ikiwa imemeguka, naanza na kinoo cha namba 1000 na kupanda hadi 8000, namba kubwa ikiwa na chembe laini zaidi, halafu ngozi.

Kabla ya kumrudishia mwenyewe, nabandika kipande chembamba cha utepe wa karatasi ndani ya kila kibao, pale makali yanapopita, na namwomba autumie wembe kama kawaida kwa siku kadhaa kisha aniletee. Utepe ukirudi safi, naubandua na wembe unakwenda zake. Ukirudi na mkato, mahali pa mkato panatosha kunielekeza: karibu na ncha, narudi kwenye pini; katikati, navuta uzi upya na kutazama vibao; ukiwa mpana, umetawanyika kwenye vibao vyote viwili, ubapa unacheza, na pini haijakazwa vya kutosha.